Picha Jongefu au Video? Namna ya Kuonyesha Mwendo Katika Kurasa za Elimu ya Afya

Baadhi ya dalili za maradhi hazielezeki vyema kwa maneno peke yake. Mama anaweza kusoma mara nyingi kwamba kifua cha mtoto mwenye nimonia kali hubonyea kwa ndani anapovuta pumzi, na bado asiitambue dalili hiyo mwanawe anapolala mbele yake. Akishauona mwendo wenyewe mara moja, huitambua. Ndivyo ilivyo pia kwa kusawazisha kijiko cha sukari wakati wa kutengeneza maji ya chumvichumvi nyumbani, kumweka mtoto mchanga kwenye ziwa, au kunawa mikono mpaka baina ya vidole.

Kwa sababu hiyo, wanaoandaa kurasa za elimu ya afya kwenye intaneti hutumia picha zinazotembea. Njia zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza ni picha jongefu, hasa ya muundo unaoitwa GIF: mfululizo wa picha chache zinazojirudia zenyewe bila sauti. Ya pili ni video iliyopachikwa ndani ya ukurasa, ambayo msomaji huigusa ili ianze. Kwa macho, njia hizo hufanana. Kwa gharama, kwa usahihi na kwa usalama wa mgonjwa, zinatofautiana sana. Makala haya yanaeleza tofauti hizo kwa kuzingatia hali ya kisiwa cha Unguja, tangu Mji Mkongwe hadi Makunduchi na Nungwi.

Funzo lililotangulia

Unguja ina uzoefu wa kufikisha elimu ya afya kwa simu. Kati ya mwaka 2009 na 2010 ulifanyika kisiwani utafiti uliojulikana kwa jina la Wired Mothers. Ulihusisha vituo 24 vya afya ya msingi na wajawazito 2,550. Nusu ya vituo viliwekwa katika kundi la huduma mpya, ambapo wajawazito walipelekewa ujumbe mfupi wa maandishi na kupewa vocha za kuwawezesha kupiga simu kwa wahudumu. Nusu nyingine viliendelea na huduma za kawaida.

Katika kundi la kwanza, asilimia 44 ya wanawake walihudhuria kliniki ya wajawazito mara nne au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 31 katika kundi la pili. Waliojifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 dhidi ya 47. Hata hivyo, ongezeko hilo la kujifungua kwa usalama lilionekana kwa wanawake wa mjini. Halikuwafikia wale wa vijijini.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. Kwanza, chombo chepesi kabisa, yaani maneno machache kwenye simu ya kawaida, kinaweza kubadili mwenendo wa watu. Pili, faida ya teknolojia haigawanyiki sawasawa. Ikiwa ujumbe wa maandishi haukuleta mabadiliko yaleyale shamba kama mjini, ukurasa uliojaa picha nzito utazidisha pengo hilo badala ya kuliziba. Kwa hiyo, kabla ya kuweka picha yoyote inayotembea, mwandaaji hana budi kujiuliza maswali mawili: mwendo huu unafundisha nini, na nani anaulipia?

Vyombo viwili, asili mbili

Muundo wa GIF ulitolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe mwaka 1987, na toleo lake la mwaka 1989 ndilo lililoruhusu kupangiwa muda kwa kila picha katika mfululizo. Ulibuniwa kwa ajili ya michoro yenye rangi chache katika zama ambazo mawasiliano ya kompyuta yalikuwa ya polepole mno. Kila picha katika mfululizo, ambayo hapa itaitwa fremu, huwa na rangi zisizozidi 256. Data zake hubanwa kwa kutafuta marudio: pale penye eneo pana la rangi moja, kama ukuta mweupe katika mchoro, faili hupungua sana. Pale penye picha halisi ya kamera, yenye vivuli na rangi zinazobadilika kila nukta, marudio huwa machache na faili hubaki kubwa.

Video za kisasa hufanya kazi kwa njia nyingine. Hazihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha hueleza tu kilichobadilika: mkono umesogea kushoto, kifua kimepanda, ukuta umebaki palepale. Kwa kuwa sehemu kubwa ya picha haibadiliki kati ya sekunde moja na nyingine, data zinazohitajika huwa kidogo.

Hesabu ndogo inaonyesha tofauti hiyo. Chukua tukio la sekunde 6 lenye ukubwa wa pikseli 480 kwa 360 na fremu 10 kwa kila sekunde. Kila fremu ya GIF ina pikseli 172,800, na kila pikseli huchukua baiti moja kabla ya kubanwa. Fremu 60 hufanya zaidi ya megabaiti 10. Hata zikibanwa hadi kufikia theluthi, zitabaki zaidi ya megabaiti 3. Tukio lilelile likiwa video ya kilobiti 400 kwa sekunde litachukua kilobaiti 300 tu. Pungufu hilo ni la zaidi ya mara kumi.

Hivyo, dhana iliyoenea kwamba picha jongefu ni nyepesi na video ni nzito ni sahihi kwa michoro midogo tu. Mchoro wa mistari wenye fremu nne na rangi nane unaweza kuwa na makumi machache ya kilobaiti. Tukio lililopigwa kwa kamera likigeuzwa kuwa GIF huwa mzigo.

Nani anaulipia mwendo?

Wasomaji wengi wa Unguja huingia kwenye intaneti kwa simu na kwa bando lililonunuliwa kwa siku au kwa wiki. GIF iliyomo ndani ya ukurasa huanza kupakuliwa mara ukurasa unapofunguliwa, hata kama ipo chini kabisa na msomaji hatafika huko, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo. Ukurasa wenye GIF tano za megabaiti 3 humtoza msomaji megabaiti 15 kabla hajaamua anachotaka kusoma. Video iliyowekwa vizuri haifanyi hivyo. Huonyesha picha moja tuli ya utangulizi, na haipakui kitu kingine mpaka iguswe. Uamuzi wa kutumia bando hubaki mikononi mwa mwenye bando.

Wapo wanaodhani kwamba picha inayojirudia hula bando kila inapozunguka. Sivyo: ikishapakuliwa yote, huzunguka kutoka katika kumbukumbu ya simu. Inachoendelea kula ni chaji ya betri. Simu nyingi zina sehemu maalumu ya kufasiri video kwa nguvu ndogo ya umeme, ilhali GIF hufasiriwa na kichakato kikuu cha simu muda wote inapozunguka. Jambo hilo si dogo kwa Unguja, ambako umeme hutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa takribani miezi mitatu bila umeme huo. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013, lakini somo la kutopoteza chaji bila sababu halijapitwa na wakati.

Mtandao wenyewe nao hutegemea nyaya za baharini. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku kama hizo, ukurasa wa kilobaiti 300 hufunguka polepole. Ule wa megabaiti 15 haufunguki kabisa. Elimu ya dharura inapaswa kuandaliwa kwa kuzingatia siku hizo mbaya, si siku njema pekee.

Pale muda unapokuwa sehemu ya dalili

Tofauti iliyo nzito zaidi kitabibu haihusu bando, inahusu usahihi wa mwendo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya kupumua haraka. Kwa mwenye umri wa mwaka 1 hadi 5, kiwango ni pumzi 40 au zaidi.

Mwendo wa GIF haumtunzii mwandaaji ahadi ya muda. Muda wa kila fremu huandikwa kwa sehemu za mia za sekunde, na vivinjari kadhaa vikikuta muda ulio mfupi mno huubadilisha na kuweka sehemu kumi za mia. Simu yenye uwezo mdogo nayo huchelewa kufasiri fremu. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayepumua mara 60 kwa dakika katika picha ya asili anaweza kuonekana anapumua mara 40 kwenye simu ya mtu mwingine. Mama atajifunza kwamba mwendo huo wa hatari ni wa kawaida. Hapo picha haijakosa tu kufundisha, imefundisha kinyume.

Tatizo la pili ni la mzunguko. GIF haina mwanzo wala mwisho unaoonekana. Anayeifikia katikati hajui hatua ya kwanza ni ipi, na hawezi kuisimamisha ili atazame kwa makini. Kwa somo la kuhesabu pumzi, video ndiyo inayofaa: ina mwendo wa kuaminika, inaweza kuwekewa saa pembeni inayoonyesha sekunde 60, na inaweza kusimamishwa na kurudishwa nyuma. Hali ni hiyohiyo kwa ufufuaji wa moyo, ambapo mtu mzima hubonyezwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mdundo ukipotea, somo limepotea.

Kwa upande mwingine, yapo matendo mafupi ambayo muda wake si sehemu ya somo. Maji ya chumvi na sukari yanayotengenezwa nyumbani huhitaji lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kosa linalotokea kwa wepesi ni kijiko kilichojaa kichuguu, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mchoro mdogo unaoonyesha kisu kikipita juu ya kijiko na kuondoa ziada, ukijirudia kimyakimya kando ya maelezo, unatosha kabisa. Hauhitaji sauti, saa wala kitufe cha kuanzia, ila uwe na njia ya kuusimamisha.

Pale rangi inapokuwa dalili

Kuna dalili ambazo hazihitaji mwendo wowote. Umanjano wa mtoto mchanga ni mojawapo. Ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa, au ukifika kwenye viganja na nyayo, mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwa ngozi nyeusi, umanjano hutambulika vyema zaidi katika weupe wa macho, viganja na nyayo.

GIF, kwa rangi zake 256, huikata rangi inayobadilika taratibu kuwa mabaka. Kivuli cha kawaida kinaweza kuonekana kama doa, na umanjano hafifu unaweza kutoweka. Video nayo, ili iwe nyepesi, huhifadhi taarifa za rangi kwa uangalifu mdogo kuliko za mwanga na giza. Kwa upele, weupe wa viganja vya mwenye upungufu wa damu na umanjano, picha tuli nzuri iliyopigwa katika mwanga wa mchana hushinda vyote viwili. Si kila somo huboreshwa kwa kutembezwa.

Sauti, lugha na sitara

Video ina kitu ambacho GIF haina kabisa, nacho ni sauti. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lakini wakazi wa kusini mwa kisiwa, hasa Makunduchi, wana lahaja yao ya Kikae, na wa kaskazini wana Kitumbatu. Bibi asiyesoma maandishi, ambaye mara nyingi ndiye mshauri wa kwanza wa mzazi mpya, atafaidika na sauti ya mkunga anayeongea kama watu wa kijijini kwake. Picha ileile inaweza kuwekewa sauti zaidi ya moja. Wala sauti isiachwe peke yake: maandishi chini ya picha yanahitajika kwa viziwi, na kwa msomaji aliye katika daladala asiyetaka abiria wengine wasikie maradhi yake.

Hapo ndipo linapoingia suala la sitara. GIF hujianzisha yenyewe. Mama akifungua ukurasa wa unyonyeshaji ndani ya daladala ya Makunduchi, au sebuleni mbele ya wakwe, picha ya ziwa likiwa wazi itaanza kutembea kabla hajajua imo. Atakachojifunza ni kutoufungua tena ukurasa huo. Kwa masomo ya unyonyeshaji, uzazi, VVU na magonjwa ya zinaa, kitu kinachosubiri kuguswa ni bora kuliko kinachojionyesha.

Sitara inamhusu pia anayepigwa picha. Unguja ni kisiwa ambacho watu wanajuana, na uso wa mgonjwa, khanga aliyovaa au ukuta wa nyumba yake unaweza kumtambulisha. Mchoro huondoa utambulisho huo na kubakiza mwendo. Namna mtoto anavyopaswa kufungua kinywa na kushika sehemu kubwa ya weusi wa ziwa badala ya chuchu peke yake huonekana wazi zaidi katika mchoro kuliko katika video halisi, kwa kuwa mchoro waweza kuonyesha hata yanayotokea ndani ya kinywa. Pale inapolazimu kutumia mgonjwa halisi, ridhaa yake ieleze bayana kwamba picha iliyowekwa kwenye intaneti haiwezi kukusanywa tena.

Hatari za kupachika kutoka kwingine

Njia rahisi ya kuweka video ni kuipandisha kwenye tovuti kubwa ya video kisha kuipachika katika ukurasa wa hospitali au wa chuo. Njia hiyo huokoa gharama za kuhifadhi, lakini ina masharti yake. Kicheza video cha tovuti hiyo mara nyingi huleta mamia ya kilobaiti za programu hata kabla ya video kuguswa. Kinaweza pia kuitambulisha simu ya msomaji kwa kampuni ya mbali, jambo zito kwa anayesoma habari za VVU. Na video ikiisha, kinaweza kupendekeza nyingine ambazo mwandaaji hakuzichagua. Baada ya somo la chanjo likafuata kanusho la chanjo. Ukurasa unaoweka picha tuli kwanza, na kukiita kicheza video pale tu msomaji anapoigusa, hupunguza madhara mengi kati ya hayo. Video fupi inafaa zaidi ihifadhiwe na taasisi yenyewe.

Usalama una sura nyingine pia. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za intaneti inataka kitu kisimetemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu mmeto wa haraka unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya wenye kifafa. Inataka vilevile kwamba kitu kinachojitembeza kwa zaidi ya sekunde tano kando ya maandishi kiwe na njia ya kusimamishwa. GIF ya kawaida haina njia hiyo.

Njia ya kati

Tangu mwaka 2016, vivinjari vikuu vya simu huruhusu video isiyo na sauti ijianzishe na kujirudia ndani ya ukurasa, kama GIF inavyofanya. Kwa hivyo sura ya GIF inaweza kupatikana kwa uzito wa video. Kampuni kubwa hufanya hivyo kimyakimya: picha nyingi zinazoitwa GIF ndani ya WhatsApp kwa kweli ni video fupi zilizonyamazishwa. Kwa kuwa vipande hivyo husambazwa kutoka simu hadi simu na kuachana na ukurasa vilimotoka, jina la taasisi na tarehe ya kutolewa viandikwe ndani ya picha yenyewe, ili anayekipokea baada ya miaka mitatu ajue kimetoka kwa nani na kama bado kinafaa.

Kwa muhtasari, dalili ya rangi ipewe picha tuli. Tendo fupi lisilotegemea muda lipewe mchoro mwepesi unaojirudia, au video fupi iliyonyamazishwa, vyote vikiwa na kitufe cha kusimamisha. Somo lenye mdundo, hatua nyingi au maelezo ya sauti lipewe video inayosubiri kuguswa, yenye maandishi chini yake. Na kila mahali, maneno ya Kiswahili yaliyo wazi yatangulie, ili hata picha isipofunguka mama ajue la kufanya: mtoto anayepumua haraka au ambaye kifua chake kinabonyea apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kabla ya kutolewa, ukurasa ujaribiwe mbali na ofisi za Mji Mkongwe zenye mtandao wa kasi. Ufunguliwe kwa simu ya bei nafuu, jioni, kijijini, kwa bando la kawaida, na mama mmoja aombwe ahesabu pumzi za mtoto anayeonekana kwenye video. Hesabu yake ikilingana na ya mhudumu, ukurasa uko tayari.